Jitu la Chuma Ndani ya Bahasha ya Posa

Mlandege, Iringa
3 Juni 1975

Kwako mdogo wangu Edmund,

Natumaini u mzima huko Iyunga. Sisi hatujambo, kifua cha mama kimepungua, imebaki baridi tu. Salamu zimekwisha, sasa nisikilize.

Jana Crispin, mshenga uliyemchagua mwenyewe, alifikisha bahasha yako ya posa kwa Mzee Kalinga. Wazee saba wamekaa, Benedicta yuko chumbani na shangazi zake. Mzee akavaa miwani, akafungua. Badala ya barua ikatoka picha ya rangi, ndogo kama karata, ina jitu la chuma linalotema moto kifuani na maandishi asiyoyajua mtu. Ikazungushwa kwa wazee wote. Bibi yake Benedicta akauliza kama huyo ndiye bwana harusi. Crispin alitoka akisema anakwenda kujisaidia, na mpaka leo hajarudi.

Mzee anasema umewatukana. Ametoza faini ya mbuzi, na anataka barua ya kweli kabla ya mwezi kwisha, la sivyo binti yake ataolewa kwingine. Una miaka ishirini na nane, Edmund. Nieleze hicho kikaratasi ni kitu gani, maana mimi nimeshindwa kumweleza mama.

Dada yako,
Evarista


Iyunga, Mbeya
12 Juni 1975

Mpendwa Dada Eva,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi inaendelea. Nisalimie mama, baba mdogo Yotamu, Mzee Kalinga na wazee wote, majirani, na hata Crispin akionekana.

Hicho si kikaratasi, dada. Bwana Morita, fundi Mjapani anayetufundisha hapa gereji, hutumiwa kadi hizo na watoto wake. Kwao kuna sinema ya michoro kwenye televisheni, na kadi zake zinakuwa ndani ya paketi za biskuti. Tunacheza saa ya chakula. Unalaza yako, mwenzako analaza yake, yenye nguvu inaichukua nyingine moja kwa moja. Jitu la chuma linazishinda zote. Naliweka kwenye bahasha lisishike grisi, na siku Crispin anapanda basi nikampa bahasha isiyo yenyewe. Watu waliotembea wangecheka yakaisha, lakini wazee wa Mlandege kila wasichokijua kwao ni tusi.

Barua ya posa iko humu ndani. Mbuzi nisaidie. Na tafadhali mwambie Mzee asiikunje kadi. Irudishe kwa posta ya rejista, isije ikapotea.

Mdogo wako,
Edmund


Mlandege
23 Juni 1975

Kwako Edmund,

Huku wazima, kama nanyi ni wazima. Mbuzi nimetoa wangu, yule mweusi mwenye mimba. Barua imesomwa na Mzee amesamehe. Kadi yako hii hapa, haikukunjwa.

Unasema nyinyi mmetembea. Umetembea kutoka Iringa mpaka Mbeya. Hiyo televisheni hujaiona hata kwa nje. Jina la hilo jitu unalijua? Linapigana na nani, na kwa kosa gani? Mwanamume mwenye ndevu unagombea picha za biskuti, na biskuti yenyewe hukuionja. Naona aibu kwa niaba yako, maana wewe huna.

Jambo jingine. Barua yako nilimsomea mama jikoni, na Benedicta alikuwapo, amekuja kutusaidia kupukuchua mahindi. Salamu zilipoanza aliacha kupukuchua. Ulimtaja mpaka Crispin. Nilipofika kwenye jina lako chini, aliniuliza kama kuna ukurasa mwingine. Nikamdanganya kwamba umemwandikia ya kwake, iko njiani. Basi iandike. Au njoo Jumapili tarehe sita Julai, wazee wanakutana kwa ajili ya mahari. Njoo wewe mwenyewe, tumechoka na bahasha.

Dada yako,
Evarista


Iyunga
9 Julai 1975

Mpendwa Dada Eva,

Shikamoo. Kadi nimeipata, asante sana. Nisalimie mama, baba mdogo, Mzee Kalinga na wote wanaoniulizia.

Nisamehe sikuja. Bwana Morita ameondoka Jumatatu kurudi kwao, na Jumapili tulikuwa na mashindano ya kumuaga. Filemoni mchomeleaji alikuwa na kadi ishirini, nimemnyang'anya zote. Sasa nina seti nzima, thelathini na sita, na sidhani kuna mwingine nchi hii. Kwenye mahari kubalini watakachosema, wazee wanatosha. Ile barua nyingine nitaandika nikitulia.

Mdogo wako,
Edmund


Mlandege
19 Julai 1975

Edmund,

Mama anakusalimu. Mimi sijui nikusalimu kwa lipi.

Jumapili ile walikwisha kukubaliana, ng'ombe watatu na blanketi la bibi. Ikabaki kumwita binti atamke mwenyewe mbele ya wazee, kama ilivyo desturi. Benedicta akatoka, akapiga magoti, akasema, "Baba amesamehe, na wazee mbuzi wamemla. Mimi hakuna aliyenisalimu." Mzee akamwuliza mara ya pili, naye akajibu hivyo hivyo. Wazee wakaagana, nami nikarudi nyumbani.

Barua yako ya tarehe tisa imefika leo. Nimempelekea aisome kwa macho yake, kwa kuwa sitaki tena kudanganya kwa ajili yako. Ameisoma mpaka chini, akanirudishia. Amesema nikupe hongera kwa kushinda, na kwamba barua ile nyingine usijisumbue kuiandika.

Evarista