Kisanduku cha Faksi Nilichotaka Kukifuta

Jumatano, saa kumi na mbili jioni. Joto limeubana mtaa wetu wa Lubaga mzima tangu mchana na mvua haiji. Naogopa.

Kama unasoma shajara hii ya mtandaoni kwa mara ya kwanza, mimi ni mtu wa kompyuta katika kliniki moja ya binafsi. Miezi miwili sasa kazi yangu ni moja: kuhamisha mfumo wetu wa wagonjwa kutoka kwenye seva iliyoko stoo, ile inayozimika kila umeme ukiyumba, kwenda kwenye klaudi, yaani kompyuta za kukodi huko mbali tutakazozifikia kwa intaneti. Tunahama Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi mgonjwa wa kwanza anakuta mfumo mpya.

Njia zilikuwa mbili. Kuubeba mfumo wa zamani mzima mzima, na uchafu wake, tuutue huko kama ulivyo. Au kujenga mpya na kuhamisha taarifa zilizo safi tu. Mzee Okello, aliyeulea ule wa zamani tangu kliniki ifunguliwe, alitaka ya kwanza. Nilimcheka. Mbele ya Dokta mwenye kliniki nilisema kuwa mtu akihama na kunguni wake hajahama. Watu wakaangua kicheko. Mzee Okello akafunga daftari lake, akasema, "Sawa, binti," na tangu siku ile hanisalimii nisipoanza mimi.

Nilishinda, na nilifurahia kushinda. Niandike ukweli, shajara ni ya nini basi.

Katika ripoti yangu, ukurasa wa tisa una orodha ya visanduku vya kufutwa, yaani zile nafasi za kujazia taarifa za mgonjwa kwenye skrini. Kimojawapo ni cha namba ya faksi. Pembeni yake niliandika neno moja tu, takataka. Ndani hamkuwa na namba hata moja, ila herufi: P, S, mara X, mara XX. Nilidhani makarani walikuwa wanachezea kibodi. Dokta akatia saini.

Banange, jamani, sikuuliza mtu.

Leo saa nane nikaenda mapokezi kumwonyesha Mama Furaha skrini mpya. Mama Furaha ni Mkongo wa Bukavu, amekaa kwenye meza ile kuliko mtu yeyote pale. Mimi na yeye huongea Kiswahili, kwa kuwa Kiganda chake kinaishia sokoni, na mimi baba yangu alikuwa polisi kutoka kaskazini, nimekulia kambini ambako Kiswahili ndicho tulichogombania na kupatania. Nilikwenda kutafuta sifa, sifichi. Akaitazama skrini, akaisifia rangi, kisha akauliza faksi iko wapi.

Nikamjibu kwa kejeli, Mama, ni nani bado anatuma faksi.

"Hapana faksi, mwanangu," akasema. "Humo njo tunaandikaka dawa zenye zinakatalaka mutu."

Akanieleza taratibu, huku akimwandikisha mgonjwa. Mfumo wa zamani haukuwa na mahali pa kuandika dawa zinazomdhuru mtu, kwa hiyo wakachukua kisanduku ambacho hakina kazi. P ni penisilini. S ni dawa za salfa. X moja ni vipele, XX ni mtu aliyekaribia kufa. Kila nesi akiajiriwa huambiwa kwa mdomo siku ya kwanza. Mimi si nesi.

Nilirudi mezani. Nikafungua mfumo wa zamani, nikatafuta jina la mama yangu mzazi, maana hutibiwa hapa hapa tangu kabla sijaajiriwa. Kwenye faksi: P XX. Nikafungua ule mpya wa majaribio, niliousafisha kwa mikono yangu. Jina lake, umri, simu, vyote vimenyooka. Basi, hakuna kingine.

Najua zamani sindano ilimvimbisha koo mpaka akashindwa kupumua. Ila sikuwahi kujiuliza kliniki inalikumbukaje jambo hilo.

Angekuja Jumamosi na kikohozi chake, angechomwa sindano ya penisilini.

Sasa nikiri la pili, baya kuliko la kwanza. Nilitaka kunyamaza. Ningeongeza kisanduku kipya, nikazihamishia humo zile herufi, na hakuna ambaye angejua niliandika takataka juu ya roho za watu. Nilikwishaanza hata kazi yenyewe. Kilichonisimamisha ni ule ukurasa wa tisa. Visanduku vingine kumi na saba vimepangwa pale vikisubiri kufutwa, na hiki kimoja nimekijua kwa bahati tu. Maabara wanatumia vipi vya kwao? Wa dawa je? Siku mbili hazitoshi kumuuliza kila mtu. Njia iliyobaki salama ni ya Mzee Okello: tubebe kila kitu, hata tusichokielewa, ndipo tusafishe polepole tukiwa tumekaa na wanaokitumia.

Inaniuma kwamba ni ya Mzee Okello. Inaniuma zaidi kwamba aliitaka kwa sababu hapendi kazi nyingi. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi na wa kuuongeza ni Dokta, mtu asiyependa kabisa kuambiwa kwamba ametia saini upuuzi.

Nimempigia Mzee Okello kabla ya kuandika haya. Nilimwambia yote, pamoja na la mama, na nikamwomba radhi kwa kile kicheko. Nilijiandaa kusimangwa.

Badala yake akasema hata yeye hakujua maana ya zile herufi. Miaka yote ile ameulea mfumo, ameamka kuuwasha kila umeme ukirudi, na mara mbili alitaka kukifuta kisanduku hicho apate nafasi. Kilichomzuia ni uvivu tu.

Hatukucheka, wala yeye wala mimi.

Kesho saa mbili tunaingia kwa Dokta wote wawili. Mzee Okello amesema ataongea yeye kwanza, kwa kuwa ni mkubwa. Nimemkatalia. Ile saini niliiomba mimi, nitaanza mimi.