Damu ya Kaka Laban Ilivyokataa Kuganda

Golbanti,
S.L.P. 37,
Garsen.

14 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Hulda,

Salamu nyingi kutoka kwetu mtoni. U hali gani huko Kuwait, na lile joto, na mabosi wako? Mgongo umepoa? Sisi tunapumua. Mama anakula kidogo kidogo. Maji ya mafuriko yameanza kushuka, lakini mahindi yote yameozea shambani, na malaria imepita nyumba kwa nyumba. Huo ndio uzima wetu.

Barua hii anakuletea Thoya, anayerudi kazini huko wiki ijayo. Najua utashangaa, maana simu ipo. Lakini uliponiuliza kwenye simu kaka yetu Laban alikufaje, nilijibu "nyoka" nikakata, kisha nikasingizia mtandao. Mtandao ulikuwa mzuri tu. Mimi ndiye niliyeshindwa kusema.

Jumapili ile baada ya ibada, kaka alipanda mti kutazama mzinga wake wa nyuki. Nyoka wa kijani, wale wembamba wa mitini, akamuuma kidole. Alishuka anacheka, akasema hata siafu wanauma kuliko huyo. Mimi nikafanya kama marehemu baba alivyotufundisha. Nikafunga kamba mkononi, nikachukua wembe mpya, nikamchanja mara nne, nikabandika lile jiwe jeusi la nyoka. Jiwe likashika. Hope, mkewe, alitaka tumpeleke hospitali ya Garsen saa ile ile. Nikamkemea. Nikamwambia sumu imeshanyonywa, kuna haja gani ya kuvuka mto uliofurika? Kaka naye akaniunga mkono, maana alijisikia mzima.

Yale majeraha ya wembe hayakukauka, Hulda. Hope alibadilisha vitambaa mpaka vikaisha, akaanza kuchana leso zake. Kulipokucha fizi za kaka zilikuwa zinatoka damu, na mkojo ulikuwa mwekundu. Ndipo tukavuka kwa mtumbwi na kutafuta boda.

Hospitalini tulipokewa na daktari mmoja, binti mdogo anaitwa Nasteha. Alimtoa kaka damu kidogo, akaitia katika kichupa cha kioo, akakiweka mezani na kusema tungoje dakika ishirini, mtu asikiguse. Damu ya mtu asiye na sumu huwa imeshaganda kwa muda huo. Sijawahi kukiogopa kitu kidogo vile. Dakika zilipotimia akakiinamisha, na damu ikamwagika kama chai.

Nilimwomba anieleze. Akasema damu si kitu kimoja. Kuna chembe nyekundu, zinazochukua hewa mapafuni na kuisambaza mwilini. Kuna nyeupe, zinazopigana na vijidudu vya magonjwa. Kuna chembe sahani, vipande vidogo mno. Zote zinaelea katika maji ya manjano yanayoitwa plazima, ambayo hubeba chakula cha mwili na pia protini za kufanya nyuzi. Ukijikata, chembe sahani hukimbilia kwenye jeraha, kisha nyuzi huzishika, na damu inaganda.

Nilimwelewa kwa tuta letu la mtoni. Tuta likipasuka, watu wa kwanza huziba tundu kwa miili yao, kisha zinakuja fito na nyasi za kushikilia udongo. Sumu ya nyoka yule ilikuwa inamaliza fito zote. Na mimi nilikuwa nimelitoboa tuta mahali panne.

Ilitakiwa damu. Tulijitokeza watu saba wa Golbanti, tukakataliwa wote kwa sababu ya malaria. Aliyetoa ni Abduba, yule mfugaji ambaye ng'ombe wake walikula mpunga wa kaka mwaka juzi hadi yeye na kaka wakapelekana kwa chifu. Alisikia habari sokoni, akaja mwenyewe. Damu yake ikapimwa, ikalingana. Midomo ya kaka ikapata rangi, nasi tukafurahi. Nasteha hakufurahi. Alisema chembe nyekundu zimerudi, lakini zile nyuzi zinaliwa na sumu kila zinapoingia.

Plazima ya kutosha haikuwapo, wala dawa ya nyoka wa aina ile, na barabara ya Malindi ilikuwa imekatwa na maji. Jumatano alfajiri kaka alilalamikia kichwa, akaniuliza kama nimefunga mbuzi, akanyamaza moja kwa moja. Damu ilikuwa imevujia kwenye ubongo.

Nilimuuliza Nasteha kama ni wembe wangu uliomuua. Hakunificha. Alisema, "Wembe ulimmaliza damu, baba. Lakini kilichomuua zaidi ni ile siku mliyokaa nyumbani."

Hope anajua. Ananipakulia chakula, anakiweka chini, anatoka. Mama hajui. Siku ya mazishi watu walinisifu kwamba nilimhudumia ndugu yangu upesi, na Mama akaushika mkono wangu wa kulia, akauombea baraka mbele ya wote. Nilisimama pale nikaitikia amina. Nimeona aibu nyingi maishani, hiyo imezizidi zote.

Ningenyamaza, Hulda. Lakini juzi jirani yetu Godhana alikuja na wembe, akitaka nimfundishe. Nikamwambia mtu akiumwa na nyoka akimbizwe Garsen. Akacheka, akasema mbona wewe ulichanja. Kwa hiyo Jumapili ya mwisho wa mwezi nitasimama kanisani niseme yote, Mama akiwa pale. Utakuwa umeshaipata barua hii. Ukitaka kunichukia, nichukie, una haki. Ila usimpigie Mama kabla ya siku hiyo.

Elvis, mtoto wa kaka, anakusalimu, amerudi shule. Binti yangu Mashavu anakusalimu pia. Hope hakutuma salamu, nami sikutaka kuzitunga.

Mama anakusalimu sana. Amekaa hapa kando yangu, na kwa kuwa hawezi kusoma anadhani nakuandikia habari za mafuriko. Ameushika mkono wangu wa kushoto, kwa sababu ule wa kulia unaandika.

Mungu akufunike huko uliko, akurudishe kwetu salama.

Kaka yako akupendaye,
Ishmael