Gari Lenye Vitanda Vitano

Jumatano, Julai 1974

Vitanda vitano, jiko na pazia katikati. Nimelikagua gari lile la kukodi kwa safari yetu ya Uskoti, kule mtaa wa Digbeth, kama ninavyokagua habari kabla ya kumpa mhariri, nikauliza hadi breki. Sikuuliza mama mkwe atalala wapi.

Tangu atoke Kakamega analala mtaa wa Harborne kwa shemeji yangu, dada ya mke wangu, ambaye hajaolewa. Kwetu mwanamume halali chini ya paa moja na mama mkwe. Nalijua hilo tangu utotoni, na bado nimemwalika Uskoti.

"Si pazia lipo, Baba Aggrey?" mke wangu Rosa aliuliza jioni.

"Pazia si ukuta."

"Basi mwambie mwenyewe asije. Koti ameshanunua."

Anajua siwezi. Akampigia dada yake simu kueleza shida yangu, na jibu la mama likaja hapo hapo: "Mkwe wangu aende na watoto. Uskoti nimeiona kwenye kalenda."

Septemba mama anarudi nyumbani, na sidhani atakuja tena. Bila yeye Rosa haendi.

Wenye gari wanataka jibu kesho. Nitakubali, kisha nitafute hema la mtu mmoja. Nina miaka hamsini na mbili, nakodi vitanda vitano ili nilale nje kwenye mvua.