Sura ya Tisa na Mikono ya Kanzu

Jumanne, 17 Machi 1992

Nimemaliza sura ya tisa ya riwaya yangu! Miaka minne peke yangu na meza hii, na leo Sefu wangu – mwoga kama aliyemtunga – hatimaye anamwomba mshonaji waoane. Nimeipeleka kwa Uwamahoro, fundi cherehani, mjane, msomaji wangu wa pekee hapa mtaani Biryogo. Sina nakala nyingine. Sijamwambia kwamba Sefu ni mimi. Akiisoma atajua tu.

Jumapili, 22 Machi

Kimya. Idi inakaribia, vitambaa vimejaa hadi dirishani. Nilipita kwake. Anasoma huku mguu uko kwenye pedali, hapotezi mshono wala mstari. Mwanamke gani huyu! Mimi nikisoma, hata maharage yanaungua. Yuko sura ya nane. Kasema Sefu anaongea sana. Kweli kabisa.

Ijumaa, 27 Machi

Balaa! Shangazi yake, bibi Gahongayire, hajui kusoma. Kaona makaratasi makubwa, mazuri, akakata patroni za kupimia mikono ya kanzu. Sura ya tisa yote!

"Mbabarira, nisamehe, Mwalimu. Mimi niliona iko karatasi tu."

Ningemkasirikia vipi? Vipande vingine vimeshaazimwa na mafundi wa uchochoro wa pili. Nimelia kidogo. Sikuthubutu kuuliza kama Uwamahoro aliwahi kuisoma.

Jumapili, 29 Machi, alasiri

Uwamahoro kaniita mwenyewe. Aliisoma – mara mbili! Yeye aseme, mimi niandike. Nimekuja na daftari hili, ndilo lililokuwa karibu. Anashona na kuisema sura yangu, karibu neno kwa neno, na penye maneno ya ziada anaruka. Imekuwa nzuri kuliko yangu! Nampenda. Basi, nimeliandika.

Tukafika pale Sefu amesimama mlangoni, kofia mkononi. Cherehani ikanyamaza.

"Hapa nimesahau. Sefu alisema nini?"

Amesahau! Mtu aliyekumbuka hadi rangi ya vifungo vya Sefu!

Nikasema nitapaandika nyumbani.

"Oya, hapana, Mwalimu. Wewe sema. Mimi nitakuambia kama iko sawa."

Adhana ikalia. Wameenda kuswali chumba cha ndani, yeye na shangazi. Niko peke yangu na patroni zilizotundikwa ukutani, mwandiko wangu juu yake. Mkono mmoja unasomeka "je, uta" – mkasi ukapita hapo.

Wametoa salamu, sala imekwisha. Kandambili zake hizo, zinakuja. Nimesimama. Kofia nimeishika, na sijui niliivua saa ngapi –