Mkate Uliorudishwa Tanurini

Lajeado, 4 Mei 1986

Mama yangu mpendwa,

Naomba baraka zako. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia na yule ng'ombe mwekundu bado anatoa maziwa. Sisi huku hatujambo, tena ni zaidi ya hatujambo: nimejifungua! Ni binti, kazaliwa Jumanne alfajiri, ana nywele tele kama za Baba, Mungu amrehemu. Ervino alilia mpaka mkunga akamwuliza, "Kwani nani kazaa hapa?"

Tumempa jina la mama yako. Belmira. Ukimtazama anakunja uso kama Bibi alipokuwa akionja kahawa ya mtu mwingine.

Sasa sikiliza. Ubatizo ni Jumapili tarehe 20 Julai, na tunataka wewe uwe mama yake wa ubatizo. Padri amekubali. Ila hataki mwakilishi. Anasema mama wa ubatizo lazima awepo na amshike mtoto mwenyewe juu ya maji. Njoo, Mama. Hujawahi kuiona nyumba yangu.

Bintiyo,
Zenaide


Serro, 17 Mei 1986

Mwanangu Zenaide,

Mungu akubariki, wewe na huyo mdogo. Goti lipo, ng'ombe yupo, nami nipo. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikatoka nayo barabarani. Kufika jioni mtaa mzima unajua kwamba duniani kuna Belmira mwingine. Nimeoka trei kwa trei, kila aliyekuja kunipongeza kala, mpaka kahawa ikaniishia.

Lakini kuja, hapana. Usinune, sababu unaijua. Siku ya harusi yako niliamka kungali giza, nikafagia tanuri kwa majani mabichi, nikaoka ile mikate yetu midogo ya jibini kwa mikono yangu hii. Huyo bwana wako akachukua mmoja, akaupasua, akachungulia ndani kama anayetafuta chawa, halafu mbele ya shangazi zako wote akanirudishia. "Mama, huu haujaiva katikati. Urudishe kidogo tanurini."

Haujaiva! Mkate wa jibini usiovutika katikati ni kokoto. Mpaka leo nikiingia dukani kwa Geraldo kununua sabuni wananiuliza, "Bi Leontina, imeiva?" Mwaka mzima wa "imeiva"!

Mezani kwa mtu aliyenirudishia mkate sikai. Tafuteni mwanamke mwingine wa kumshika mtoto. Natuma soksi nilizomfumia. Huko kwenu kusini nasikia Julai ni barafu.

Mama yako


Lajeado, 1 Juni 1986

Mama mpendwa,

Baraka zako. Sote tu wazima, na soksi zimemkaa Belmira vizuri mpaka Bi Ilse jirani anataka umfumie mjukuu wake.

Mwanamke mwingine simtafuti. Nilimsomea Ervino barua yako neno kwa neno, hata chawa sikuruka. Akafyonza kwa mrija ile chai chungu ya watu wa huku mpaka kibuyu kikakoroma, akatazama dirisha, kisha akasema, "Nifundishe kuoka."

Fundi mwashi, Mama! Mikono kama koleo!

Nakueleza kwa mpangilio, maana unanijua. Jumapili iliyopita tulianza. Nikataka kupima moto kama unavyopima wewe, nikatia ganda kavu la hindi tanurini nilione likibadilika rangi. Nilisahau kwamba tanuri langu ni la gesi na moto wake uko wazi pale chini. Ganda likashika, kitambaa nacho kikashika, na Ervino akamwagia birika lake zima la chai. Bi Ilse akaja mbio na ndoo: "Mnaoka au mnachoma shamba?"

Jana tukajaribu tena, bila ganda. Wanga wa muhogo tulionunua hapa ni ule mtamu, haujachachuka, na jibini yao ni mbichi, ikatoka maji yote. Mikate ikalala chapati. Ervino alimtupia kuku wa Bi Ilse mmoja. Kuku akautazama mkate, akatutazama sisi, akaenda zake.

Lakini tumecheka, Mama! Sijacheka hivi tangu nitoke nyumbani. Tufanyeje?

Bintiyo,
Zenaide


Serro, 14 Juni 1986

Mwanangu,

Mungu akubariki na ailinde nyumba yako na moto. Ganda la hindi kwenye gesi! Nilimsomea Geraldo, akacheka, akaegemea mizani mpaka ikampima mwenyewe. Angalau sasa wana jambo jingine la kuniuliza.

Tarcísio anapeleka jibini kusini kwa lori lake, nimempa mfuko wako. Ndani kuna wanga mchachu, ule ulioanikwa juani, unukao kama maziwa ya jana, na jibini yangu iliyokaa rafuni mpaka ikawa na ngozi ya manjano. Usiiweke sebuleni kuonyesha wageni. Ikune.

Jibini iwe nyingi sawa na wanga. Anayebania jibini anakula muhogo. Maziwa na mafuta vichemke pamoja mpaka vitake kumwagika, ndipo uvimwage juu ya wanga wote kwa mara moja, bila huruma. Hapo ndipo watu wa huko hukosea, wanaogopa. Koroga kwa mwiko, ukipoa ingia kwa mikono. Mayai tia moja moja, wala usiniulize mangapi. Donge likishika kidole na bado likakubali kuachia, basi, limetosha.

Na mwambie huyo mtu wako, akishatia trei ndani asifungue mlango kuchungulia. Najua tabia yake ya kuchungulia.

Sijasema nitakuja. Nawaonea huruma kuku tu.

Mama yako


Lajeado, 29 Juni 1986

Mama! Mama yangu!

Baraka zako, na unisamehe sikuulizi goti kwanza. IMEUMUKA!

Mfuko ulifika Alhamisi. Nilipoufungua, harufu ya jibini yako ikajaa nyumba nzima nikakaa sakafuni nikalia, Belmira naye akanifuata kwa sauti. Ervino akatukuta hivyo, akadhani kuna msiba.

Leo hakutaka nimsaidie. Alimwaga maziwa yale yanayochemka akiwa amefumba macho, kama anayejirusha mtoni. Donge lilipomshika vidole akawa analisemesha: "Haya, niachie. Niachie, bibi." Likamwachia. Trei ilipoingia akavuta kiti akakaa mbele ya tanuri, mikono ameikalia ili asifungue mlango. Kila dakika: "Zenaide, nichungulie?" "Chungulia uone kitakachotupata!"

Ikatoka imevimba, ya dhahabu, imepasuka kidogo juu kama yako. Akachukua mmoja wa moto, akaupasua. Katikati ukavutika nyuzi, laini, unanata. Akaula. Akachukua mwingine. Halafu akauweka tena mezani, Mama. Akasema polepole, "Siku ile ulikuwa umeiva."

Nikamwambia, "Ulikuwa umeiva."

"Na nikamrudishia mama yako. Mbele ya watu."

Tangu hapo hakai. Anataka kukuandikia, anachukua kalamu, anaiweka. Anasema kujenga ukuta ni rahisi kuliko hiyo barua.

Basi la kutoka kwenu linaingia hapa Jumamosi tarehe 19, jioni. Nauli tunaituma kwa Tarcísio. Nijibu upesi, moyo wangu uko juu juu.

Bintiyo,
Zenaide


Lajeado, 12 Julai 1986

Mama mpendwa,

Baraka zako. Natumaini u mzima. Kila siku nangoja tarishi getini, na kila siku ananitikisia kichwa kabla hajanifikia.

Padri aliuliza jina la mama wa ubatizo. Nimempa lako. Akauliza, "Amesema anakuja?" Nikamwambia, "Hajasema haji." Akasema tutafute wa akiba. Sikutafuta.

Ujibu usijibu, Jumamosi tutakwenda kituoni kulipokea basi. Mtoto tutamwacha kwa Bi Ilse kwa ajili ya baridi. Ervino atakanda asubuhi na kuacha matonge kwenye trei chini ya kitambaa, ili ukishuka tuje tuwashe tanuri uyakute ya moto. Kama hukushuka, sijui tutayafanya nini.

Bintiyo,
Zenaide


Jikoni kwako, Jumamosi, 19 Julai 1986

Mwanangu Zenaide,

Mungu akubariki popote uliposimama na baridi hii. Basi halina mtu wako. Nimekuja na lori la Tarcísio, nimekaa juu ya jibini tangu nyumbani, na goti, ukome kuliuliza.

Barua yako ya mwisho ilinikuta nafunga sanduku. Kujibu nilijaribu, kila nikianza naandika hapana, nikiisoma naona si kweli, naichana. Nikaona bora jibu nilete mwenyewe. Bahasha yako ndiyo iliyotuonyesha nyumba. Tarcísio aliionyesha kila mtu njiani kama mtu aliyepotelewa na mbuzi.

Bi Ilse amenifungulia mlango wako kwa ufunguo mliomwachia. Hatuelewani vizuri, anaongea kama amebana msumari mdomoni, lakini alinipa mtoto mikononi bila kuuliza mimi nani. Anasema aliuona uso wa mtoto usoni pangu. Ni uso wa Mama mtupu. Naandika kwa mkono mmoja, mwingine una mwenyewe.

Matonge nimeyaona. Ni ya mumeo, makubwa kama ngumi za mwashi, hata mtu kipofu angejua. Bi Ilse akaniwashia gesi na mimi nikaoka. Ganda la hindi sikutia. Nilikaa mezani kwako nikingoja, na mlango sikuufungua, ingawa nakiri nilitamani.

Nimepasua mmoja. Nimevuta, na nyuzi zikanifuata mpaka mkono ukafika usawa wa kichwa. Nimekula. Nikala mwingine, na Bi Ilse naye. Anauliza kwa nini katikati kuko vile. Nimemwambia amwulize Ervino, yeye ndiye mtaalamu.

Iliyobaki iko chini ya kitambaa. Mkiingia msigonge milango, mimi na Belmira tumelala kitandani kwenu, kesho tuna kazi kanisani.

Pembeni mwa sahani nimemwekea mumeo nusu ya ule nilioupasua. Mwambie haujaiva katikati. Aurudishe kidogo tanurini.

Mama yako,
mama wa ubatizo wa Belmira