Uyoga wa Mama Mkwe

Ajwang, upo? Nimechoka hadi kidole cha kuandikia kinauma. Niko Kisesa, kwa wakwe.

Mama mkwe kachuma uyoga zizini, mimi nikaupika. Tumekula wote. WOTE.

Muda si mrefu baba mkwe akamwendea mbuzi, akainama: "Shikamoo." Akasimama pale anasubiri marahaba! Wifi analia, anasema ukuta unapumua. Mume wangu Masele anacheka tu, anaongea na mkono wake.

Mimi? Sioni kitu. Mzima kabisa.

Basi wifi akaninyooshea kidole: "Mbona aliyepika hajalewa?" Majirani wameshajaa uani. Neno likatoka. Mchawi. Ajwang, MCHAWI, na unajua huku neno hilo linaishia wapi.

Tukapelekwa kituo cha afya, majirani nyuma yetu. Daktari akaniuliza mbele yao kama kuna dawa ninayomeza kila siku.

Vile vidonge vya sonona. Unavijua wewe tu, hata Masele hajui. Nikawatazama wale watu, nikasema.

Daktari akawaeleza kwamba vidonge vile hubadilisha kemikali iitwayo serotonini kwenye ubongo, na sumu ya uyoga ule hupitia mlango huohuo. Huenda ndiyo maana mimi haikunishika. Hakuna uchawi hapo.

Mama mkwe, ulevi umeshaanza kumtoka, akashusha pumzi: "Afadhali. Kumbe si mchawi, ni chizi tu."

Wote wakaitikia, "Afadhali."

Hata Masele.