Vidonge vya Mama, Moyo wa Kamanda

Jumapili, 9 Machi 2025
Kamanda kaanguka! Alikuwa anambwekea muuza mkaa getini, mara puu — chini. Sekunde kumi hivi. Kisha akainuka, akatikisa mkia kama mtu aliyejikwaa kanisani. Mama anasema ni joto la Sinza tu. Siafiki. Ni tezi ya shingo! Tangu Krismasi kanenepa, manyoya yanapukutika, analala kutwa. Dalili zile zile za mama kabla hajaanzishiwa dawa. Ndiyo maana mwezi wa pili huu nachomoa vidonge vya tezi kwenye akiba ya mama: kimoja asubuhi, kimoja jioni. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 11 Machi
Nimempeleka Mbezi kwa Dokta Gozbert, daktari wa mifugo. Kampima moyo kwa ultrasaundi. Moyo umetanuka, anasema, misuli yake imelegea, na bado unapiga mbio usizoziweza. Akauliza, kuna dawa yoyote anatumia? Nikasema hakuna. Mimi! Mwalimu, katibu wa kwaya, namdanganya daktari wa mbwa! Amechukua damu.

Alhamisi, 13 Machi
Dokta kapiga simu mchana huu. Homoni ya tezi iko juu kupita kiasi. Huenda tezi haikuumwa kamwe — ni moyo uliokuwa unamchosha, na mimi nikauchapa fimbo ukimbie! Nimekiri. Vidonge viwili kwa siku. Akakataa.

"Dada, kwa viwili damu isingefika hapa. Nani mwingine anampa?"

Nani mwingine? Nyumbani tuko wawili tu.

Mama alikuwa anachambua mchele. Nikamuuliza, wala hakustuka. Tangu Januari anamfichia Kamanda vidonge vyake mwenyewe kwenye dagaa. Vyote! "Nilimwonea huruma. Mgonjwa mwenzangu yule."

Na wewe unameza nini, mama?

"Mie sijambo, mwanangu. Usingizi tu."

Dokta alikuwa bado hewani, kasikia yote. Nikamuuliza Kamanda anaanza lini dawa ya moyo.

"Kamanda tutamrudia," anasema. "Mama kavimba miguu?"

Nikageuka kumtazama. Miezi miwili namtazama mbwa! Miguu imevimba, uso umevimba, sauti inakwaruza. Na kavaa sweta — saa saba mchana, Machi, Dar!

Bajaji ya kumpeleka mama hospitali inapiga honi getini. Mama hataki kupanda mpaka Kamanda ale kwanza.